Kwenye terminali inakubali, kwenye systemd inagoma

Jumatatu saa moja na robo asubuhi simu inaita, naangalia ni mama katibu wa chama cha ushirika cha kahawa kule juu Kibosho, na mama katibu akinipigia saa hizo najua kabisa kuna jambo. Nikamwamkia, akaitikia haraka haraka alafu akasema mwanangu, umeme ulikatika usiku, umerudi alfajiri, kompyuta imewaka vizuri tu lakini ile ya mizani haifunguki, na watu wameshaanza kushusha magunia.

Hiyo "ya mizani" ni programu ndogo aliyoandika dogo mmoja ninayefanya naye kazi, yeye yuko Arusha mi niko Moshi mjini. Mkulima anafika na kahawa yake, inapimwa, karani anaandika kilo kwenye ukurasa, na kabla mkulima hajafunga gunia lake tupu SMS imeshaingia kwenye simu yake: jina, tarehe, kilo. Ni kitu kidogo ila ukikaa pale ofisini siku moja utaelewa kwa nini watu wanaipenda, maana zamani ilikua daftari na karatasi, na ugomvi wa "mimi nilileta themanini we umeniandikia sitini na nane" ulikua hauishi. Kwahiyo hiyo programu ikilala asubuhi ya siku ya mizani, kwangu hiyo ni dharura.

Nikapanda bodaboda. Nimefika watu wamekaa kwenye ukuta wanasubiri, wazee kwa akina mama, na wala hawalalamiki, jambo ambalo lilinifanya nijisikie vibaya zaidi. Nikaingia kwenye mashine, ni kamashine kadogo kako chini ya meza kana Ubuntu 22.04, nikaandika `systemctl status mizani`, amri ya kuiuliza systemd, ile programu ya Linux inayowasha na kusimamia sevisi (programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia), na jibu likaja na maandishi mekundu, na ndani yake kuna hiki:

`Failed at step EXEC spawning node: No such file or directory`
`Main process exited, code=exited, status=203/EXEC`

Kabla ya kutafuta chanzo nikaingia kwenye akaunti ya dogo, nikaiwasha programu kwa mkono, `node server.js` (Node ndo inayoendesha programu za JavaScript), ikawaka mara moja bila shida, foleni ikaanza kutembea. Hilo ndo la kwanza sikuzote, watu wahudumiwe kwanza uchunguzi baadaye. Mchana mizani ilipopoa ndo nikampigia dogo.

Akasema kitu ambacho nimeshakisikia kwa watu wengi sana na ndo sababu nimekaa kuandika hii posti: "Dada, mbona mi nikiandika node inakubali? Iweje yenyewe iseme haipo?"

Swali zuri kuliko linavyoonekana. Yaani wiki tatu zote programu ilikua inafanya kazi kwa sababu yeye mwenyewe aliiwasha kwa mkono na umeme haukukatika hata siku moja. Faili la sevisi aliliandika, akaliwezesha kwa `systemctl enable`, lakini sevisi yenyewe haijawahi kuwaka hata mara moja. Umeme ulipokatika ndo kwa mara ya kwanza systemd ikaambiwa haya sasa zamu yako, itafute node uiwashe, na ikaitafuta kwa jinsi yake yenyewe, haikuiona.

Sasa jinsi yake yenyewe ni ipi?

Tuanze na wewe unapoandika `node` kwenye terminali. Watu wanadhani Linux ndo inajua node iko wapi. Hapana. Keneli, kiini cha Linux, haijui chochote kuhusu PATH, ile amri ya ndani kabisa ya kuwasha programu inaitwa execve na yenyewe inataka upewe faili, njia ya faili, basi. Anayetafuta ni bash, programu inayosoma amri unazoandika kwenye terminali. Bash anachukua hiyo orodha yako ya folda inayoitwa PATH, ambayo folda zake zimetenganishwa na nukta mbili, anapita moja baada ya nyingine akiuliza humu kuna node? humu je? akiipata ndo anaikabidhi kwa keneli. Utaratibu huu ni wa zamani mno, PATH ilikuja na Unix toleo la saba mwaka 1979, kwahiyo tumeizoea mpaka tumesahau kwamba kuna mtu anafanya kazi ya kutafuta kwa niaba yetu.

Na PATH yako haishuki kutoka mbinguni, inajengwa pale unapoingia, mafaili kama `.profile` na `.bashrc` ndo yanaipanga. Dogo aliweka Node kwa kutumia nvm, kifaa cha kuweka matoleo tofauti ya Node, na nvm inaiweka Node ndani ya folda yako ya nyumbani, kwake ilikua `/home/dogo/.nvm/versions/node/v18.19.0/bin`, alafu inaongeza mistari michache kwenye `.bashrc` ili hiyo folda iingie kwenye PATH. Kwahiyo node ipo, lakini ipo kwa dogo tu, akiwa amekaa kwenye terminali yake. Ukitaka kuona hilo bila hata systemd andika `sudo node -v`, utaambiwa amri haipo, maana sudo, ile amri ya kufanya kitu kwa mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa mashine, nayo kwa kawaida kwenye Ubuntu inatumia orodha yake ya folda na sio ya kwako.

systemd haisomi `.bashrc` ya mtu yeyote. Haisomi `.profile`, haipiti bash kabisa. Ni prosesi namba 1, inawaka kabla hujaingia, kabla hata hujaamka, na ikifika kwenye sevisi yako inatengeneza prosesi mpya, inaipangia mtumiaji, folda ya kazi, vizuizi vya usalama, alafu mwisho inaita execve. Ukiwa umeandika njia kamili inayoanzia na mkwaju, inatumia hiyo hiyo. Ukiwa umeandika jina tupu kama `node`, inatafuta kwenye orodha ya folda ambayo ilipachikwa ndani yake siku ilipotengenezwa. Haiulizi mtu. Orodha yenyewe unaweza kuiona, andika:

`systemd-path search-binaries-default`

Kwenye ile mashine ya Kibosho ni `/usr/local/sbin`, `/usr/local/bin`, `/usr/sbin`, `/usr/bin`, `/sbin` na `/bin`, kwa mpangilio huo. Hizo mbili za mwisho siku hizi kwenye Ubuntu ni viungo tu vinavyorudi `/usr`, kwahiyo kwa kweli ni folda nne. Kama programu yako haimo humo, kwa systemd haipo duniani.

Hata hiyo ruhusa ya kuandika jina tupu si ya zamani. Mpaka toleo la 239 la systemd, lililotoka 2018, ilikua lazima uandike njia kamili, ukiandika jina tupu inakataa mstari mzima. Mashine za Ubuntu 18.04 zina toleo 237, kwahiyo huko `ExecStart=node server.js`, ule mstari wa faili la sevisi unaotaja programu ya kuwasha, haikubaliki kabisa, na CentOS 7 yenye 219 ndo usiseme. Na kabla ya hapo, enzi za skripti za `/etc/init.d`, ilikua ni skripti kweli, inasomwa na sh, na juu kabisa ya skripti watu walikua wanaandika mstari wa PATH wao. Nadhani ndo maana wengi bado tunaiona systemd kama skripti iliyoandikwa kwa mtindo mwingine, tunaiwekea `~`, tunaiwekea `&&`, tunaiwekea `./server`, na vyote hivyo ni mazoea ya terminali, systemd haivikubali. `./server` inakataliwa hata kama umeweka WorkingDirectory sahihi, na hilo linawauma watu sana maana wanasema si nimeiambia folda ya kazi ni hii? Folda ya kazi ni ya programu ikishawaka, haihusiki na kuitafuta programu yenyewe. Vilevile huwezi kuweka variabo mahali pa jina la programu, hoja zinazofuata zinaweza kuwa variabo, ile ya kwanza hapana.

Nikamweleza dogo yote haya kwa simu, akaelewa, akasema sawa dada nipe dakika tano. Akaingia kwa mbali akaongeza mstari huu:

`Environment=PATH=/home/dogo/.nvm/versions/node/v18.19.0/bin:/usr/bin:/bin`

Akafanya daemon-reload, yaani kuifanya systemd isome upya mafaili ya sevisi, akawasha. 203 ileile.

Na hapa ndo pagumu kuliko pote, hapa ndo nataka uweke kiti ukae. Akili inakwambia kama tatizo ni PATH basi nikiweka PATH limeisha. Lakini kuna PATH mbili kwenye hii hadithi na hazikutani. Kuna orodha ambayo systemd inatumia kuitafuta programu ya kuwasha, hiyo ndo ile iliyopachikwa ndani yake. Na kuna mazingira ambayo programu inakabidhiwa ikishapatikana, huko ndo Environment inafanya kazi. Ule mstari unaipa node PATH nzuri kabisa ya kutafutia vitu vyake, ila node yenyewe bado haijapatikana, ni sawa na kumwandalia mgeni chumba, maji ya kuoga, chakula, na hakuna aliyeenda stendi kumpokea.

Unaweza kuona kwamba ni vitu viwili kwa jaribio moja rahisi. Andika `ExecStart=/usr/bin/env node server.js` pamoja na ule mstari wa Environment. systemd inaipata env kwa sababu umeipa njia kamili, env inawaka ikiwa na PATH uliyoiweka, na env kazi yake ni kutafuta kwenye PATH aliyopewa, kwahiyo inaitafuta node mle. Wengi wanatumia mtindo huo na unafanya kazi kama hakuna kizuizi kingine. Mi siupendi kwa sevisi zangu, nitasema kwa nini mbele.

Dogo hakukata tamaa. Akasoma mahali akakuta kuna kitu kinaitwa `ExecSearchPath`, na kweli kipo na kimetengenezwa kwa shida hii hii, unaandika folda zako zimetenganishwa na nukta mbili na systemd inatafuta humo badala ya kwenye orodha yake, na kama hujaweka PATH mwenyewe basi hiyo hiyo inakua pia PATH ya sevisi. Akaiweka. 203 tena. Akanipigia amechoka sasa, sauti inasikika.

Kuangalia logi kwa `journalctl -u mizani` na logi za systemd yenyewe nikakuta onyo dogo tu kwamba kuna neno kwenye faili halijulikani, limepuuzwa. Hiyo ndo tabia yake, neno isilolijua inalipita, haisimami. ExecSearchPath iliingia toleo la 250, mwisho wa 2021, na Ubuntu 22.04 ina toleo 249. Toleo moja tu! Debian 12 ina 252, ingekubali. Ubuntu 24.04 ina 255, ingekubali. Kwahiyo ukisoma maelekezo popote cheki kwanza `systemctl --version` kwenye mashine yako, na ukimaliza kuandika faili la sevisi pitisha `systemd-analyze verify` juu yake, itakwambia maneno isiyoyajua kabla hujapoteza mchana mzima.

Basi nikamwambia weka njia kamili tumalize. `ExecStart=/home/dogo/.nvm/versions/node/v18.19.0/bin/node server.js`. Akaweka. 203 kwa mara ya nne, ila safari hii ukisoma kwa makini maneno yamebadilika, sio tena "No such file", sasa ni "Permission denied". Namba ni ileile kwa sababu 203 inamaanisha tu kwamba nimefika hatua ya kuwasha programu nikashindwa, sababu yenyewe iko kwenye maneno ya pembeni, na watu wengi wanakariri namba wanaacha kusoma maneno.

Sevisi tuliipangia mtumiaji wake, `User=mizani`, na hiyo ni sahihi, programu ya kupimia kahawa haina sababu ya kuwa root. Lakini kuanzia Ubuntu 21.04 folda ya nyumbani ya mtu inatengenezwa ikiwa imefungwa, 750, yaani mwenyewe na kundi lake tu, wengine hawapiti hata mlangoni. Njia ya kuona hili ni `namei -l` ukiipa njia nzima ya faili, inakushusha folda moja moja na ruhusa zake, na unaona pale `/home/dogo` ndo mtumiaji mizani anagonga ukuta. Node yenyewe ina ruhusa zote ila huwezi kuifikia. Na juu ya hapo dogo alinakili kile kifungu cha `ProtectHome=yes` kutoka kwenye mfano mmoja mzuri wa usalama, ambacho kinaifanya `/home` isifikike kabisa kwa sevisi hata kama ruhusa za faili zingekubali. Kufuli mbili kwenye mlango mmoja.

Akasema basi nifungue folda yangu 755, wote wapite, na nitoe ProtectHome. Nikasema hapana, na hapa nilikua mkali kidogo. Ukishajikuta unabomoa kuta mbili ili sevisi ifikie kitu, ujue hicho kitu kimekaa mahali pasipo pake. nvm ni nzuri sana kwa mtu anayeandika programu, anataka Node hii leo na ile kesho, lakini mashine ya ofisini inayopima jasho la watu haitakiwi kutegemea folda ya nyumbani ya mtu mmoja ambaye kesho anaweza kufuta toleo la zamani ili apate nafasi. Tukaishusha Node ya kwenye tovuti yao rasmi, tukaifungua `/opt`, na faili la sevisi likabaki hivi:

```
[Service]
User=mizani
WorkingDirectory=/opt/mizani
ExecStart=/opt/node/bin/node /opt/mizani/server.js
ProtectHome=yes
Restart=on-failure
```

Ikawaka. Saa tisa na nusu mchana.

Nilisema nitaeleza kwa nini napenda njia kamili hata pale ambapo jina tupu linakubalika. Ni kwa sababu ya kitu kilichotokea miezi michache nyuma Arusha, ofisi nyingine kabisa, programu nyingine lakini shida ni ndugu. Huko sevisi iliandikwa jina tupu, `node`, na ikawaka! Hakuna 203, hakuna kulalamika kwamba faili halipo. Ila ndani ya sekunde inaanguka na kosa la sarufi kwenye mstari ambao ukiusoma uko sawa kabisa, ulikua na zile alama mbili za kuuliza `??`. Kwa mkono inafanya kazi, kwa sevisi inaanguka. Tulihangaika nayo tangu asubuhi mpaka jua linazama. Kumbe mtu aliwahi kuweka Node ya kwenye hazina ya Ubuntu 22.04, ambayo ni toleo la 12, ikakaa `/usr/bin/node`, alafu baadaye akaweka 18 kwa nvm na kuisahau ile ya kwanza. Bash inaiona ya 18 kwanza. systemd inaiona ya 12 tu. Na Node 12 haijui `??`, hiyo ilikuja na 14.

Yaani hiyo ni mbaya kuliko kutokuipata kabisa. Ukiikosa unaambiwa imekosekana. Ukiipata isiyo yenyewe unaanza kutilia shaka kodi uliyoiandika kwenye programu, unamtilia shaka mwenzako. Tangu siku ile sevisi zangu zote naandika njia kamili, mtu akifungua faili anaona node ipi hasa, hana haja ya kukumbuka orodha ya folda sita na mpangilio wake. Ndo maana pia mtindo wa env siupendi, unarudisha kulekule kwenye kubahatisha. Kwa watu wa Python ni hivyohivyo, wanahangaika namna ya kuamsha venv, folda yenye python na maktaba za mradi mmoja, ndani ya sevisi wakati haihitajiki, andika tu njia kamili ya python iliyo ndani ya venv, `/opt/kitu/venv/bin/python`, yenyewe inajua maktaba zake ziko wapi.

Kuna mitego mingine miwili niimalize maana yote ilitokea palepale Kibosho wiki ileile.

Wa kwanza, siku ya pili dogo alibadilisha ExecStart iwe `/opt/node/bin/npm start` (npm ni kifaa kinachokuja na Node), alitaka vitu fulani viwake pamoja. Njia kamili, ruhusa zipo, na bado ikaanguka, ila sasa namba ni 127. Hii tofauti ina maana kubwa. 203 ni systemd imeshindwa kuwasha. 127 hapa ni kwamba systemd imewasha vizuri, ila kilichowashwa ndo kimeshindwa kupata mwenzake. npm ni skripti, mstari wake wa kwanza ni `#!/usr/bin/env node`, kwahiyo keneli inawasha env, env inatafuta node kwenye PATH ya sevisi, na PATH ya sevisi haina `/opt/node/bin`. Sasa hapa ndo ule mstari wa Environment wa dogo, ukiwa na `/opt/node/bin` ndani yake, ungekua dawa sahihi! Dawa ni ileile, ugonjwa ndo tofauti. Alicheka nilipomwambia, alafu tukarudisha node moja kwa moja kwa sababu haikuwa na haja ya npm.

Wa pili ulinichosha mimi mwenyewe. Kuna skripti ya kuhifadhi nakala ya data kila usiku, `/opt/mizani/hifadhi.sh`, ina sevisi yake ndogo na taima. Ikaanza kutoa 203 na maneno "No such file or directory". Naangalia faili lipo. Ruhusa zipo. Njia kamili sahihi herufi kwa herufi. `ls` inalionyesha, systemd inasema halipo. Nililiangalia lile faili kama mtu anayeangalia funguo zake mezani na kuambiwa hazipo.

Nikaja kuandika `file /opt/mizani/hifadhi.sh` na jibu likasema mistari inaishia na CRLF. Karani mmoja kijana, mwenye nia njema kabisa, alilifungua kwenye Windows akabadilisha jina la folda ya flashi, akarudisha. Windows inamaliza mstari kwa alama mbili badala ya moja, kwahiyo mstari wa kwanza ambao machoni ni `#!/bin/bash` kwa keneli ni `/bin/bash` na herufi moja isiyoonekana mwishoni, na hakuna programu duniani yenye jina hilo. Kinachokosekana sio skripti yako, ni mkalimani wake, lakini ujumbe unataja skripti. `sed -i 's/\r$//'` juu ya faili, ikapona. Ndugu yake wa karibu ni skripti isiyo na ule mstari wa kwanza kabisa: ukiiwasha kwenye terminali inakubali kwa sababu keneli ikiikataa bash inaamua kuisoma yenyewe, systemd haina huruma hiyo, inakupa 203 na "Exec format error". Maneno hayohayo utayapata ukiweka programu iliyotengenezwa kwa ajili ya aina nyingine ya prosesa.

Jioni ile ya kwanza kabla ya kushuka mjini nilimwomba mama katibu ruhusa ya kuzima mashine kwa kuchomoa waya. Akaniangalia. Nikamwambia mama, umeme hautaniomba ruhusa, bora nijue sasa hivi. Akakubali, akasimama mlangoni mikono nyuma kama anayesimamia mtihani. Nikachomoa, nikahesabu mpaka kumi, nikachomeka. Mashine ikawaka, na kabla sijaandika chochote yeye mwenyewe akafungua ukurasa wa mizani kwenye simu yake, akaandika kilo moja ya majaribio kwa jina lake, simu ikalia mkononi mwake.

`/opt/node` tuliifanya kiungo kinachoelekea kwenye folda yenye namba ya toleo, `/opt/node-v18.19.0`, ili siku tukibadilisha Node tunageuza kiungo tu na kuiwasha sevisi upya, faili la sevisi haliguswi, na ukigundua toleo jipya lina shida unakigeuza kurudi. Amri zake mbili nimeziandika kwenye karatasi nikaibandika ubavuni mwa mashine kwa selotepu, kwa kalamu ya wino wa kukolea, maana chini ya ile meza hakuna taa.